Namna ya Kuwahi Kazini Mombasa Ukiwa Waishi Kilifi

Kwanza, hongera kwa kupata nyumba. Dalali alikwambia Kilifi kodi ni nafuu, upepo ni wa bure, na Mombasa ni hapo tu, kilomita 60, dakika hamsini ukipata gari zuri. Hakukudanganya. Mimi mwenyewe nimewahi kutumia dakika hamsini na tano. Ilikuwa usiku wa manane, na gari lenyewe lilikuwa la kubebea maiti, likirudi tupu.

Sasa ushahama, ushalipa kodi ya miezi mitatu, na Jumatatu saa mbili asubuhi watakiwa uwe umeketi mezani kwako kisiwani. Mwongozo huu ni wako. Nimeuandika baada ya miaka tisa ya kwenda na kurudi, na sijaonywa kwa kuchelewa kuliko wenzangu wa Likoni, ambao wao angalau wana feri ya kusingizia. Sisi yetu iliondoka 1991, daraja la Kilifi lililojengwa kwa msaada wa Wajapani lilipofunguliwa. Tangu siku hiyo mtu wa Kilifi akichelewa hana pa kushika.

Wageni wengi huanza kwa kuuliza habari za treni, kwa hivyo na tulimalize hilo mapema. Usimkubalie mtu akwambie Kilifi hakuna reli. Kaunti hii ina reli tele. Ile ya Waingereza iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901 ilipita Mazeras na Mariakani, na hii mpya ya 2017 ikafuata huko huko. Na Mazeras na Mariakani ni Kilifi, tazama ramani. Ila reli imepita uani, na sisi wa ufukweni twakaa barazani. Malindi nayo, mji uliofikisha twiga China mwaka 1415, mji uliompa Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi India mwaka 1498, haujawahi kusikia honi ya treni. Mtu wa Malindi akitaka kupanda gari-moshi sharti apande matatu kwanza, na akiishapanda matatu hana tena hamu ya safari nyingine.

Ukishikilia kwamba lazima usafiri kwa treni, njia ziko mbili. Ya kwanza ni kwenda mpaka Mombasa, kisha utafute gari la kukurudisha bara hadi Miritini kwenye stesheni kuu. Ya pili ndiyo ya wajuzi. Shuka Mavueni, shika Probox ya Kaloleni, upande nayo kwenye minazi, kisha uteremke Mariakani, maana treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, husimama na hapo. Ya mchana hupita tu ikikutazama.

Probox ni gari la watu watano. Hilo ndilo walilokusudia waliolitengeneza, lakini hawakuwahi kufika Mavueni. Mara ya mwisho tulikuwa kumi na jogoo. Mimi nilipewa nusu ya kiti cha dereva, heshima ambayo hapewi kila mtu. Usukani ulikuwa wake na gia ilikuwa yangu, kwa sababu ilisimama katikati ya magoti yangu. Kila alipotaka kuingiza ya tatu alisema, "Samahani, ami," nami nikapanua mguu wa kulia. Akitaka ya pili, "Samahani, ami," nikakunja wa kushoto. Tulipofika Kaloleni nilikuwa najua kuendesha.

Stesheni yenyewe ni mahali pa ajabu. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, watu husimama kando, kisha mbwa hupitishwa ainuse mmoja mmoja. Nilikuwa nimembebea shemeji yangu ng'onda. Mbwa alifika kwenye mfuko wangu akasimama. Akatafakari. Askari naye akatafakari. Mimi nikatazama juu kama mtu anayehesabu mabati. Mwishowe mbwa alipiga chafya akaendelea, na hapo nikajua kuwa si mzaliwa wa pwani.

Lakini kilichonishtua si mbwa. Ni kuondoka kwenyewe. Saa iliyoandikwa kwenye tikiti ilipofika, treni iliondoka. Hapakuwa na mtu aliyegonga bati, hapakuwa na mtu aliyeita. Na mle ndani viti vilikuwa vitupu! Niliviona kwa macho yangu, vitatu vitatu, mistari mizima, vikipelekwa Nairobi bure, kilomita zaidi ya mia nne, bila mtu juu yake. Nauli ya daraja la kawaida mwaka 2017 ilikuwa shilingi 700, tangu Januari 2024 ni 1,500, na bado wana moyo wa kuondoka na kiti kitupu. Niliumia kama niliyekuwa na hisa. Ilibaki kidogo niinuke nishike mlango niite watu.

Hayo ni maradhi ya matatu, nawe utayapata. Ndiyo sababu tuanze somo lenyewe.

Jambo la kwanza la kujifunza ni maana ya "bado mmoja." Usije ukadhani mmoja ni namba. Kwenye steji ya Kilifi mmoja ni hali ya moyo. Gari laweza kuwa na watu wanne likawa bado mmoja, na wakiingia wanne wengine likawa bado mmoja vile vile. Ukisikia "wawili wa haraka" ujue ni saba. Ukisikia "yatoka sasa" na injini inanguruma, tazama mahali alipo dereva. Akiwa kwenye usukani, kuna matumaini. Akiwa ng'ambo ya barabara na kikombe cha chai ya rangi na mahamri mawili, injini yanguruma kwa ajili yako tu, ili upoe.

Na usiwakasirikie. Dereva na makanga wengi hawana mshahara wa mwezi. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu waliyokubaliana, watoe ya mafuta, watoe ya wapiga debe wa steji, na kinachosalia ndicho cha nyumbani. Tangu Februari 2004, zile sheria za waziri Michuki zilipoanza kushika, gari la namna ile ni la abiria kumi na wanne, mstari wa njano ubavuni na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kiti kimoja kitupu kutoka Kilifi hadi Mombasa ni unga wa mtu. Kwa hivyo katika gari lile kila mtu ana chake anachokitoa, wao hutoa petroli na wewe hutoa asubuhi yako.

Jambo la pili ni kuwatambua abiria wa bandia. Hawa ni vijana wa steji ambao huketishwa ndani ili gari lionekane limejaa. Wewe waona kumi na wawili, wafurahi, waingia wa kumi na tatu. Akiingia wa kumi na nne, mmoja ashuka "kununua maji." Mwingine "amesahau simu." Wa tatu hana hata adabu ya kusingizia, huruka dirishani. Baada ya dakika tatu umebaki wewe na kizee kimoja kilicholala, nacho pia hukijui vizuri. Dalili zao si ngumu. Abiria wa bandia amevaa kandambili. Hana mfuko. Shavu moja limejaa muguka, na hajali gari linatoka lini. Mtu yeyote asiyeuliza "tunatoka saa ngapi?" si msafiri huyo, ni fanicha.

Sisi wa Mnarani tuna taabu yetu ya pekee, na kama nyumba uliyopata iko upande huo, soma hapa mara mbili. Mnarani iko kusini ya daraja, yaani upande wa Mombasa. Waweza kufikiri hiyo ni faida. La. Gari hujaa Kilifi mjini, likifika kwetu makanga hukupungia tu mkono kama bwana arusi. Kwa hivyo mwenye akili hupanda tuktuk, akavuka daraja kwenda kaskazini, akalipa, akaingia kwenye gari pale steji, akangoja mmoja wao atimie, halafu akavushwa daraja lile lile kuja kusini na kupita mbele ya mlango wake mwenyewe akiwa ameketi. Huwa ni saa kumi na mbili na robo. Mke wangu ndio kwanza yuwafagia uani. Nikipita hunipungia fagio. Nimeondoka nyumbani dakika hamsini zilizopita na nimefika nyumbani.

Kuhusu mahali pa kukaa, nitakupa siri ambayo huwachukua watu miaka kuijua. Asubuhi waenda kusini, jua latoka baharini, li kushoto kwako. Jioni warudi kaskazini, jua lazama bara, li kushoto kwako tena. Jua la Kilifi hukaa kushoto kwenda na kurudi, halilipi nauli. Kaa kulia, nyuma ya dereva. Kiti cha mlangoni kimbia kabisa, maana utakuwa mlango wewe mwenyewe, Vipingo utashuka, Kikambala utashuka, Majengo utashuka umpishe mama na beseni lake la samaki. Kiti cha nyuma kabisa kina uhondo wake kama una mgongo wa akiba.

Mkanda usiutafute. Upo, sheria yataka uwepo, lakini sehemu moja iko kwenye kiti chako na ile ya kufungia iko chini ya kiti cha jirani, au iko garini pengine. Makanga akisema kwa sauti ya chini, "Jamani, mikanda, mbele kuna watu," shika ule utepe uulaze tumboni, mkono mmoja juu yake kama mtu mwenye kiungulia. Gari zima hufanya hivyo kwa pamoja, kimya, watu kumi na wanne na viungulia vyao. Kisha makanga hushuka kuamkiana. Mimi wakati huo hutazama mashamba ya katani, ni mazuri sana Vipingo asubuhi.

Nauli. Beba chenji. Ukitoa noti ya elfu umefungua kesi. Chenji yako itakuwa "yaja," kisha itakuwa "nyuma kwa mwenzangu," na ukishuka utakabidhiwa noti moja pamoja na mtu usiyemjua, "hiyo yenu wawili, mgawane," na gari limeondoka. Mmesimama nyote wawili kando ya barabara, noti ya mia mbili katikati yenu kama mtoto wa talaka. Hamna mwenye chenji. Mwatafuta duka, mwanunua biskuti msizozitaka. Kwa njia hii nimepata marafiki wawili wa kweli na mdeni mmoja wa Bamburi.

Tukifika hapa, funga moyo, maana twaingia Mtwapa.

Ulipopanda uliuliza, "Hii ni Mombasa moja kwa moja?" nao wakajibu, "Moja kwa moja, bosi." Kumbe gari lina nia yake. Wengi wa abiria hushukia Mtwapa, na kama mmesalia watano, hao watano si hesabu ya kuvumilia foleni hadi mjini na kurudi. Hapo ndipo mnapouzwa. Neno ndilo hilo, wala si matusi, utawasikia abiria wenyewe wakipiga simu kazini, "Bosi, nitachelewa kidogo, tumeuzwa Mtwapa." Makanga wenu huongea na makanga wa gari jingine, pesa kidogo hupita mkono kwa mkono, nanyi mmesimama juani na mifuko yenu mkisikiliza bei yenu. Sijawahi kuisikia ikiwa ya kunifurahisha.

Dalili huanza mapema kama unajua kutazama. Dereva hupiga simu tangu Kikambala. Makanga huanza kuhesabu vichwa kwa macho bila kutikisa midomo. Na dalili iliyo kubwa zaidi, gari hupunguza mwendo kila linapoona kikundi cha watu upande wa pili, wale wanaosubiri kwenda Kilifi. Likishaanza kuwatazama wale kwa mapenzi, jua ndoa yako imekwisha. Kwa hivyo usilipe kabla ya Mtwapa. Ukidaiwa, lala. Ukiamshwa, sema umekaa na mwenzako mbele naye ndiye alipaye.

Nimemwona mtu mmoja tu aliyewashinda. Alikuwa bibi wa makamo, buibui jeusi, kikapu cha maembe mapajani. Tumefika Mtwapa, mlango umefunguliwa, sisi wanne tushashuka kama mbuzi waliozoea. Yeye yu ndani.

"Mamangu, shuka basi," makanga akamwambia kwa upole. "Hiyo gari ingine iko tayari, inatoka sasa hivi."

"Mwanangu, mimi nimelipa nauli ya Mombasa, na Mombasa naijua, nimeolewa huko mara mbili. Hapa si Mombasa."

"Ni gari tu inabadilishwa, mamangu. Hiyo iko tayari kabisa."

"Ikiwa iko tayari na watu wake waje humu."

Makanga alimtazama dereva. Dereva aliwatazama watu wa upande wa pili, wale wa Kilifi, ambao walikuwa wameanza kuchukuliwa na mwingine. Bibi alitoa embe moja kwenye kikapu, akalifuta kwa pembe ya mtandio, akaanza kulimenya kwa meno, taratibu, mtu ambaye hana miadi popote. Ngozi aliitema mkononi na kuipanga juu ya goti. Alipofika kwenye kokwa, dereva aliwasha gari. Sisi wanne tulirukia mlango. Tulienda Mombasa watu watano ndani ya gari la watu kumi na wanne, kila mtu na dirisha lake, na hakuna aliyethubutu kuzungumza mpaka Bombolulu. Siku hiyo nilifika kazini kabla ya mlinzi.

Toka Mtwapa kwenda mbele sina mengi ya kukufundisha. Barabara hii ilianza kupanuliwa miaka kadhaa iliyopita, kutoka Mombasa hadi Mtwapa na kuendelea Kwa Kadzengo mpaka Kilifi, na katika kupanuliwa iliwahi kuwa nyembamba kiasi cha magari kupishana kwa kuombana radhi. Madereva walijifunza njia za panya za Shanzu na Kiembeni, na wako ambao hawajazisahau hata pale njia kuu ilipo wazi. Utapitishwa kwenye nyua za watu. Itikia salamu. Darajani Nyali, ukiona magari yamesimama na wauza njugu wamepata muda wa kukueleza bei, shuka utembee. Daraja hilo ni la 1980, na lile la kuelea lililokuwapo kabla yake ni la 1931, kwa hivyo watu wamekuwa wakichelewa mahali pale kwa muda usiopungua miaka tisini. Mwambie hivyo msimamizi wako, aone kuwa ni jambo la kihistoria.

Kwa wasomaji wa Malindi wanaofikiria kufanya kazi Mombasa na kulala kwao, kilomita 120 kila upande, ushauri wangu ni mfupi. Nunueni godoro la pili. Wale wanaotoka Malindi kuja kazini Kilifi wanastahili heshima yangu, maana gari lao husimama Msabaha, Gede, Mida, Roka na Matsangoni, na katikati ya vituo hivyo husimama palipo na mtu yeyote aliyenyoosha mkono, hata kama alikuwa anajinyoosha tu. Sifa moja ya njia hiyo ni kwamba likipita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke gari huwa na ubaridi wa bure. Na ukifika Kilifi, wauza korosho hukuletea mpaka dirishani, vifurushi virefu, wakiapa kuwa ni za leo. Onja kwanza ile ya chini.

Jioni ni yale yale kwa kugeuza, pamoja na mvua. Mvua ikinyesha kisiwani nauli hupanda kabla maji hayajafika chini, na mtu aliyekuita "bosi" asubuhi hakujui. Tafuta gari lililoelekeza pua barabarani. Epuka lenye taa za rangi na kijana anayecheza mlangoni, hilo lipo kazini kwake tayari, halina haraka ya kwenda kokote.

Juzi nilikaa kwenye gari kama hilo, kulia, nyuma ya dereva, saa kumi na mbili unusu. Dereva hakuonekana. Mwanamke mmoja kijana alifika mlangoni na sanduku la magurudumu, karatasi ya tikiti ya treni bado imebanwa kwenye mpini. Alikuwa ameshuka Miritini. Alitazama viti, akatazama saa yake, akanichagua mimi kwa sababu nina mvi.

"Baba, shikamoo. Hili gari la Kilifi latoka saa ngapi?"

Nilitazama ndani. Tulikuwa sita. Wawili kati yetu walikuwa wamevaa kandambili na hawakuwa na mfuko.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia, nikisogeza begi langu. "Ingia, ingia. Bado mmoja tu."